“Kiln” ni tanuru ya namna gani? Neno la Kiingereza na kazi zake

Katika mikataba ya mbao yenye kutoka Uganda ao Kenya, katika vitabu vya miradi ya makala na katika karatasi za fabrike za simenti, neno la Kiingereza “kiln” linarudi kila mara. Mwenye kutafsiri haraka anaandika “tanuru”, ao kwa Kifaransa “four”, na anaendelea. Hapo hakusema uongo, lakini hakumaliza kazi. Tanuru ziko za aina nyingi, na “kiln” inataja aina moja tu. Mufanyabiashara mwenye kuichanganya na zingine anaweza kusaini jambo ambalo hataweza kutimiza.

Neno lilitoka wapi

“Kiln” ni neno la zamani sana katika Kiingereza. Lilitoka katika neno la Kilatini “culina”, maana yake jikoni. Wenye kujua Kifaransa wanaona ndugu yake katika neno “culinaire”. Wengine wanalitamka “kil”, bila kusikilisha ile “n” ya mwisho, wengine wanaitamka. Namna zote mbili zinakubaliwa.

Moto unafanya kazi gani?

Kifaransa kinatumia “four” kwa mukate, kwa matofali na kwa madini. Kiingereza kinagawanya kazi hiyo katika maneno mbalimbali:

- “Oven”: tanuru ya kupika chakula, sawa ile ya mukate.
- “Kiln”: tanuru ya kukausha, kuchoma ao kugeuza kitu kwa moto, lakini si kwa kukiyeyusha kikuwe maji.
- “Furnace”: tanuru ya moto mukali sana, zaidi ya kuyeyusha chuma, shaba ao kioo. Ile tanuru ya moto ya Shadraka, Meshaki na Abednego, Biblia za Kiingereza zinaiita “furnace”.
- “Smelter”: kiwanda chenye kutoa metali ndani ya mawe ya madini.

Neno hilo la mwisho linagusa wachimbaji wa Kivu moja kwa moja. Kasiterite ya Walikale haiendi katika “kiln”, inaenda kwa “smelter”, ambako inachomwa pamoja na kaboni kwa joto lenye kupita digri 1000 ili bati itoke. Tangu Marekani iliweka sheria ya Dodd-Frank katika mwaka 2010, kifungu cha 1502, makampuni yenye kununua yanapaswa kueleza kama bati, tantalum, tungsten ao dhahabu yao inatoka Congo ao inchi jirani. Udhibiti mwingi unafanyika kwenye “smelter”, juu kisha kuyeyusha, madini ya mashimo mbalimbali yanachanganyika na hakuna mutu anaweza tena kuyatenganisha.

Kazi ine za “kiln”

*Matofali.* “Brick kiln” ni ile tanuru yenye watu wanapanga na matofali yenyewe, wanapakaa udongo inje na kuacha midomo ya kuingizia kuni. Tofali linakuwa gumu karibu na digri 900 mupaka 1100. Lenye halikupata moto wa kutosha linarudi kuwa udongo wakati wa mvua.

*Chokaa na simenti.* “Lime kiln” inachoma mawe ya chokaa karibu na digri 900. “Cement kiln” ni bomba refu lenye kuzunguka polepole. Mawe ya chokaa na udongo vinafikia karibu digri 1450 na vinatoka vigumu, vinaitwa klinka. Kisha klinka inasagwa pamoja na jasi, na hiyo njo simenti. Kwa Kabimba, karibu na Kalemie, kazi ya simenti inajulikana tangu zamani.

*Makala.* Lundo la miti lenye kufunikwa na udongo, Kiingereza kinaliita “charcoal kiln”, hata kama halina ukuta wala mulango. Jambo la lazima ni hewa kidogo: ikiingia nyingi, muti unakuwa majivu. Kwa tanuru ya kawaida, kilo 100 za muti mukavu zinatoa karibu kilo 10 mupaka 20 za makala. Tanuru ya Casamance, yenye ilitoka Senegal na yenye kuwa na bomba la moshi, inaweza kufikia kilo 25 ao zaidi ikichungwa vizuri. Kwa hiyo, maneno “improved kiln” katika karatasi ya mradi yanataka kusema: miti kidogo kwa gunia ileile.

*Mbao.* Hapa njo hasara inaweza kuingia. “Kiln-dried”, ao kwa kifupi KD, ni mbao zenye zilikaushwa ndani ya chumba cha joto lenye kupimwa. Mbao zenye zilikaa kwenye jua miezi mingi ni kavu pia, lakini Kiingereza kinaziita “air-dried”. Mwenye kupitisha mbao Kasindi ao Mahagi kisha kusaini KD, wakati alizianika tu inje, anamupa munuuzi haki ya kuzikataa. Tena, KD si sawa na HT. Alama ya HT kwenye palete na masanduku ya mbao inaonyesha kama joto lilifika digri 56 mupaka katikati ya ubao, kwa dakika 30 bila kukatika, ili kuua wadudu.

Angalisho juu ya “fire”

Pamoja na “kiln” kunakuja kitendo “to fire”. Kwa mutumishi, maana yake ni kumufukuza kazi. Kwa tanuru, ni kuchoma: “fired bricks” ni matofali ya kuchoma.

Namna ya kutafsiri

Kamusi za Kiswahili zinatoa “tanuru”, “tanuri” na pia “joko”, lenye linatumiwa zaidi kwa vyungu. Kwa watu wa huku, “tanuru” inatosha, lakini kazi yake itajwe: tanuru ya kuchoma matofali, tanuru ya kukausha mbao, tanuru ya kuyeyusha madini. Na kama neno liko ndani ya mukataba, ulizo la kwanza mbele ya kusaini ni hili: moto huo unapaswa kufikia digri ngapi, kwa muda gani, na nani ataupima?