Furushi la vyeti: historia ya tar na safari zake

Ndugu zangu, wiki hii zamu ya kuandika ni yangu. Wenzangu mmeshaandika historia ya reli, ya mipaka na ya wafalme. Mimi naleta historia ya kitu kidogo ambacho nusura kimkoseshe dada yetu mmoja nafasi ya masomo: programu inayoitwa tar.

Ilikuwa hivi. Tuliskani vyeti vya vijana 38 waliokuwa wanaomba ufadhili. Kompyuta zetu hapa zinatumia Linux, basi tukavifunga vyote kwenye furushi moja, vyeti.tar.gz, tukamtumia kaka yetu aliyehamia ng'ambo, maana ndiye alikuwa anatusaidia kujaza fomu. Yeye ana Mac. Kesho yake akajibu: "Nimepata 37." Tukahesabu upya huku kwetu: 38. Akafungua tena: 37. Siku zilizobaki zilikuwa mbili tu.

Ili kuelewa kilichotokea, turudi nyuma kidogo.

Unix ilianza mwaka 1969 kwenye maabara za Bell kule Marekani, kwa kazi ya Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao. Enzi hizo diski zilikuwa ndogo na ghali, na ukitaka kuhifadhi au kusafirisha faili nyingi ulitumia tepu ya sumaku. Sasa, tepu haina folda. Inasomwa kutoka mwanzo kwenda mwisho, kama kaseti za wazee wetu. Kwa hiyo ilibidi faili zipangwe mstari mmoja, moja nyuma ya nyingine. Hiyo ndiyo kazi ya tar, iliyotoka na toleo la 7 la Unix mwaka 1979. Jina lake ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya hifadhi ya tepu.

Inavyofanya kazi ni rahisi. Mbele ya kila faili tar inaweka lebo ya baiti 512: jina la faili, ukubwa wake, tarehe, ruhusa, na namba ya mwenye faili. Baada ya lebo inafuata faili yenyewe. Halafu lebo nyingine, faili nyingine, mpaka mwisho.

Busara iko kwenye hiyo lebo. Namba zake zimeandikwa kwa tarakimu za maandishi ya kawaida. Hili si jambo dogo, kwa sababu mashine za wakati ule hazikupanga namba kwa namna moja: nyingine zilianza na baiti kubwa, nyingine na ndogo. Kulikuwa na programu nyingine ya kufunga faili, cpio, ya mwaka 1977. Muundo wake wa kwanza uliandika namba kwa mpangilio wa mashine iliyofunga. Ukilipeleka furushi kwenye mashine ya aina nyingine, namba zinasomeka kinyumenyume. Baadaye cpio nayo ikapewa njia ya kuandika lebo kwa maandishi.

Halafu Unix ikagawanyika. Chuo Kikuu cha California kule Berkeley kikawa na yake, BSD. AT&T wakawa na System V. Sun, HP na IBM nao wakatengeneza za kwao. Kila ukoo ukaongeza vitu vyake, na mafurushi yakaanza kugoma njiani. Mwaka 1988 kiwango cha pamoja kinachoitwa POSIX kikaweka muundo mmoja wa lebo, ustar. Mwanzoni jina la faili halikuweza kuzidi baiti 100. Ustar ikaruhusu majina marefu zaidi, na ikaongeza kitu kingine: jina la mwenye faili, siyo namba yake tu.

Kwa nini jina? Kwa sababu namba haivuki mpaka vizuri. Kwenye Linux nyingi mtumiaji wa kwanza ni 1000, kwenye Mac ni 501. Ukifungua furushi kama msimamizi wa mashine, na lebo ina namba tu, faili yako inaweza kuandikwa kuwa mali ya mtu mwingine kabisa, kisa ana namba uliyokuwa nayo ulikotoka. Nadhani sisi hapa hatuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Mabishano ya wapenzi wa tar na wapenzi wa cpio yalikuwa makali. Mwaka 1992 kiwango cha POSIX kikaleta programu inayosoma mafurushi ya pande zote mbili. Ikaitwa pax, neno la Kilatini lenye maana ya amani. Lakini watu walishazoea tar, na mpaka leo ndiyo wanayoiandika.

Mwaka huohuo wa 1992 ikatoka gzip, ya Jean-loup Gailly na Mark Adler. Programu ya zamani ya kubana faili, compress, ilitumia njia iliyokuwa na hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, na watu walitaka njia iliyo huru. Ndiyo maana mafurushi mengi yanaishia na .tar.gz. Tar za Linux na Mac za leo zinatambua zenyewe kwamba furushi limebanwa. Ukikuta mashine ya zamani isiyotambua, fanya kwa hatua mbili: gzip -dc vyeti.tar.gz | tar xf -

Sasa turudi kwenye cheti. Tulimwambia kaka aandike tar -tf vyeti.tar.gz, amri inayoonyesha orodha bila kufungua. Orodha ikatoka na vyeti vyote 38. Kumbe kulikuwa na neema.jpg na Neema.jpg. Kina Neema ni wawili, na kila mmoja aliskaniwa na mtu tofauti. Kwa Linux, herufi kubwa na ndogo ni majina mawili. Mac nayo ni Unix, lakini diski yake kwa kawaida inayahesabu kuwa jina moja. Neema wa pili alipofunguliwa akamfuta wa kwanza, kimya kimya, bila onyo lolote.

Tukabadilisha majina ya faili, tukaweka na majina ya ukoo, tukafunga upya. Fomu zikaenda kwa wakati.

Kwa hiyo wapendwa, na ninyi mnaotusaidia kwenye mashirika, ambao mnapokea mafaili yetu kila siku, naomba mambo matatu. Angalia orodha kwa tar -tf kabla ya kufungua. Hesabu baada ya kufungua. Na usifute furushi la mwanzo mpaka hesabu zilingane. Sisi tunaofunga, tuandike majina kwa herufi ndogo tupu, mafupi, yasiyofanana, tukimfikiria yule mwenye mashine tofauti na yetu.

Cheti cha Neema hakikupotea. Kilikuwa ndani ya furushi muda wote. Lakini kama kaka asingehesabu, nani angejua?

Na wewe, kuna furushi lililowahi kukugomea? Tuandikie hapa chini, tutalifungua pamoja.