Yangambi, 1941: siri ya mungazi

Ndugu walisansi wenzangu, watoto wetu wa Kasongo wanajua Edison na taa yake. Hii muwasomee jioni, maana inahusu mawese ya sombe yao.

Watoto, chukueni ngazi, mutoe nyama, mupige kokwa kwa jiwe. Kuna yenye ganda nene, ngumu kuvunja: wataalamu wanaiita dura. Kuna yenye ganda jembamba na nyama nyingi: tenera. Hiyo ndiyo iko na mafuta mengi. Tena kuna pisifera, haina ganda kabisa, lakini miti yake mara nyingi haifikishi matunda.

Zamani wazungu walipanda mbegu za tenera, wakingojea tenera tupu. Wapi! Dura zilirudi kila mara. Huko Yangambi, kando ya mto Congo, upande wa chini wa Kisangani, kwenye kituo cha INEAC (shirika la Wabelgiji la mwaka 1933), Abel Beirnaert na mwenzake Vanderweyen wakatafuta sababu. Njia ya kazi hiyo ni hii: unafunika ua la kike kwa mfuko, unalitilia chavua ya mti uliouchagua mwenyewe, unapanda mbegu, unangoja miaka mpaka mti uzae, ndipo unahesabu. Mendel alifanya vile kwa mbaazi, matokeo akayatoa 1866. Mbaazi inazaa upesi. Mungazi unataka moyo.

Mwaka 1941 walitangaza jibu: tenera ni mtoto wa dura na pisifera. Ukiunganisha hao wawili, watoto wote ni tenera. Kumbe ule mti uliodharauliwa ndio baba aliyetafutwa! (Kitabu kiko na majina mawili tu. Wakongomani waliofanya kazi katika mashamba yale hawakuandikwa juu yake.)

Malaysia wakaifuata njia hiyo, na tangu miaka ya 1960 mashamba yao yakajaa tenera. Sisi wenye mungazi bado tunaokota kokwa chini ya mti mzuri. Lakini mama akiwa tenera, baba tenera au dura, karibu nusu tu ya miche inakuwa tenera, nawe utajua shamba likianza kuzaa, baada ya miaka 3 au 4. Anayekuuzia miche, muulize kwanza baba yake ni nani. Akisema mti wake ulikuwa mzuri sana, hajakujibu.