Kolye, kipimajoto au telefone: kifaa gani cha kuhesabu siku?

Mama anayetaka kupanga uzazi kwa kuhesabu siku, asianze na bei ya kifaa. Ajue kwanza hedhi yake inarudi baada ya siku ngapi.

Kolye ya mzunguko ina shanga 32. Siku hedhi inapoanza, mama anaweka kipete cha mpira kwenye ushanga mwekundu, kisha anakisogeza kila asubuhi. Shanga nyeupe ni siku ya 8 hadi ya 19. Siku hizo mimba inaweza kuingia. Baba naye ajifunze kuzisoma, kwa maana kungoja siku 12 ni kazi ya wote wawili.

Lakini kolye inafaa kwa mzunguko wa siku 26 hadi 32 tu. Ukitoka nje ya hapo mara mbili kwa mwaka, atafute njia nyingine. Anayenyonyesha angoje hedhi irudi na kukaa sawa. Kati ya wanawake 100 wanaoitumia mwaka mmoja bila kukosea, karibu 5 hushika mimba. Kwa matumizi ya kawaida, karibu 12.

Kipimajoto hutumiwa kila asubuhi kabla ya kutoka kitandani. Joto hupanda kidogo yai likiisha kutoka, kwa hiyo hakionyi mapema. Na kwetu malaria pia hupandisha joto!

Programu nyingi za telefone hukisia kwa tarehe zilizopita tu.

Ukienda kumwona muuguzi, beba tarehe za hedhi zako za miezi ya nyuma, zikiandikwa kwenye karatasi.