Tiba inayokomaza seli za saratani badala ya kuziua

KWA miaka mingi vita dhidi ya saratani vimepiganwa kwa silaha tatu: kisu cha daktari wa upasuaji, mionzi, na dawa kali za kemikali. Zote tatu zina lengo moja, nalo ni kuiondoa au kuiua seli yenye ugonjwa. Ipo hata hivyo njia nyingine, isiyozungumzwa sana, ambayo haianzi kwa kuua. Njia hiyo huiona seli ya saratani kama seli changa iliyogoma kukua. Dawa huilazimisha ikomae, na ikishakomaa huzeeka na kufa kama nyingine zote.

Ili kuielewa tiba hiyo, ni vema kwanza kujua jinsi damu inavyotengenezwa. Ndani ya mifupa mna uboho, na humo seli mama hugawanyika na kupita hatua kadhaa kabla ya kuwa chembe nyekundu, chembe nyeupe au chembe sahani zinazosaidia damu kuganda. Chembe nyeupe za aina ya neutrofili, ambazo ndizo nyingi zaidi, zikishakomaa hazigawanyiki tena. Huishi muda mfupi tu, kisha hufa. Katika saratani kali ya damu safari hiyo hukwama njiani. Seli changa huongezeka bila kukomaa, hujaza uboho na kuzinyima nafasi seli zinazohitajika.

Ugonjwa ulioufungua mlango wa tiba hii ni lukemia kali ya promielositi, iliyoelezwa kama ugonjwa wa pekee mwaka 1957 na daktari Leif Hillestad wa Norway. Alieleza wagonjwa waliodhoofika kwa kasi na kufariki dunia ndani ya wiki chache huku wakivuja damu. Sababu ni kwamba promielositi, yaani chembe nyeupe ambayo haijakomaa, huvuruga mfumo mzima wa kuganda kwa damu. Mgonjwa anaweza kuvuja damu ndani ya ubongo kabla hata jina la ugonjwa wake halijajulikana.

Je, seli iliyokwama inaweza kusukumwa mbele? Mwaka 1971 Charlotte Friend na wenzake huko New York walionyesha kwamba seli za saratani ya damu ya panya, zikiwekewa kemikali fulani maabara, huanza kutengeneza himoglobini kama chembe nyekundu za kawaida. Miaka kumi hivi baadaye Theodore Breitman na wenzake nchini Marekani walibaini kuwa asidi ya retinoiki, ambayo ni zao la vitamini A, hukomaza promielositi zilizotolewa kwa wagonjwa. Hayo yote, hata hivyo, yalikuwa ndani ya vyombo vya maabara.

Hatua ya kuipeleka dawa hiyo wodini ilichukuliwa Shanghai, China, na Profesa Wang Zhenyi wa Hospitali ya Ruijin. Katikati ya miaka ya 1980 alishauri apewe msichana wa miaka mitano aliyekuwa mahututi, ambaye dawa za kawaida zilikuwa zimeshindwa kumsaidia. Mtoto huyo alipona. Mwaka 1988 kikundi chake kilichapisha matokeo ya wagonjwa 24: wote dalili za ugonjwa zilitoweka, na 23 kati yao walitumia asidi ya retinoiki peke yake, dawa ambayo humezwa tu. Kwa ugonjwa uliokuwa ukiogopwa kuliko aina nyingine zote za lukemia, haya hayakuwa matokeo ya kawaida.

Maelezo ya kisayansi yalifuata baadaye. Janet Rowley na wenzake wa Chicago walikuwa wamekwisha kuonyesha mwaka 1977 kwamba katika ugonjwa huu vipande vya kromosomu ya 15 na ya 17 hubadilishana mahali. Kati ya 1990 na 1991 watafiti, wakiwamo Hugues de Thé na Anne Dejean wa Paris, waligundua kuwa kwenye kiungo hicho jeni mbili huunganika na kutoa protini isiyo ya kawaida, inayozifunga jeni za ukomavu. Mojawapo ya jeni hizo mbili ndiyo hutengeneza kipokezi cha asidi ya retinoiki. Kiasi kinachopatikana mwilini kwa kawaida hakitoshi kukifungua kifungo hicho. Kipimo kikubwa cha dawa hukifungua, na protini yenyewe huvunjwavunjwa.

Hapa lazima msomaji atahadharishwe: vidonge vya vitamini A vya dukani si tiba ya saratani. Vikizidi hudhuru ini, na kwa mjamzito vinaweza kumlemaza mtoto aliye tumboni.

Asidi hiyo ikitumiwa peke yake, ugonjwa ulirudi kwa wagonjwa wengi, hivyo ikaunganishwa na dawa za kemikali. Kisha ikaja aseniki, sumu inayojulikana tangu kale, ambayo madaktari wa Harbin, kaskazini mashariki mwa China, akiwamo Zhang Tingdong, walianza kuitumia katika miaka ya 1970. Aseniki huishambulia protini ileile kwa upande wake wa pili. Mwaka 2013 utafiti uliofanyika Italia na Ujerumani ulionyesha kuwa, kwa wagonjwa wasio katika hatari kubwa, dawa hizo mbili bila kemotherapi ya kawaida ziliwaacha asilimia 97 hai na bila ugonjwa kurudi baada ya miaka miwili, dhidi ya asilimia 86 waliopata asidi ya retinoiki na kemotherapi.

Kwa nini basi saratani nyingine hazitibiwi hivyo? Nyingi hazina kosa moja kubwa la kulenga. Mafanikio yaliyopo ni machache: dawa ya enasidenib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, hukomaza seli za aina nyingine ya lukemia yenye hitilafu katika jeni ya IDH2, na watoto wenye nyuroblastoma hupewa jamii ya retinoiki baada ya matibabu mazito.

Tiba yenyewe nayo ina hatari. Seli zinapokomaa kwa wingi mara moja, mgonjwa anaweza kupata homa, kuvimba na kushindwa kupumua, hali inayohitaji deksamethasoni bila kuchelewa. Lakini vifo vingi siku hizi hutokea katika siku za mwanzo, kwa kuvuja damu. Ndiyo maana madaktari hushauriwa kuanza asidi ya retinoiki mara tu darubini inapoonyesha seli zenye kushukiwa, huku majibu ya vipimo vya jeni yakisubiriwa.