Waalimu Minyororoni: Wakristo wa Misheni za Kiingereza Chini ya Wadachi, 1914–1916

Msafiri atokaye Mbulu au Katesh, akateremkia Babati na kushika njia ya kusini, huifikia Kondoa Irangi siku ile ile. Na kipande hicho cha njia ndicho alichokipita Jenerali van Deventer na wapanda farasi wake wa Afrika Kusini mwezi wa Aprili 1916, wakitokea Arusha kwa Lolkisale na Ufiome, katika masika makali yaliyowaangamiza farasi wao kwa mamia. Habari za mapigano hayo zimesimuliwa na majemadari wa pande zote mbili mpaka zimechosha. Jambo lisilopewa wasaa mwingi ni dhulma iliyowapata, katika nchi iliyokuwa bado mikononi mwa Wadachi, yaani Wajerumani, Wakristo wachache ambao taksiri yao ilikuwa kubatizwa na Waingereza.

Misheni za Kiingereza zilizohusika zaidi na mkasa huu zilikuwa mbili. Moja ni ile ya Vyuo Vikuu, U.M.C.A., iliyokuwa na makao Magila katika Bonde, na huko kusini Masasi. Ya pili ni C.M.S., iliyotia mguu Mpwapwa katika miaka ya 1870 na kutawanya shule zake Ukaguru na Ugogo. Mbulu haikuwamo katika hesabu hiyo, kwa kuwa misheni iliyoingia huku mwaka 1907 ilikuwa ya Mapadri Weupe wa Kanisa Katoliki, nao hawakuwa misheni ya Kiingereza.

Yafaa ieleweke kwamba serikali ya Gavana Heinrich Schnee haikuwa na ugomvi na Injili. Wadachi wenyewe walikuwa Wakristo, na Walutheri na Wabenediktini wao walikuwa na heshima bomani. Zaidi ya hayo, mkataba uliotiwa sahihi na mataifa katika mji wao wenyewe wa Berlin mwaka 1885 uliahidi uhuru wa dhamiri na hifadhi kwa wamisionari wa kila taifa katika nchi hizi. Lakini mkataba ni maneno ya wakati wa amani. Frank Weston wa U.M.C.A., Askofu wa Zanzibar tangu 1908, alikaa Unguja chini ya bendera ya Mwingereza, ilhali waumini wake wengi walikuwa bara chini ya bendera ya Kaizari. Waalimu wake waliosoma katika chuo cha Kiungani, Unguja, walijua Kiingereza, na mambo yao mengi, tangu vitabu hata amri za kanisa, yaliwajia kutoka ng'ambo ya maji. Mafungamano hayo ndiyo yaliyokuwa fahari yao kwa miaka mingi; vita vilipotangazwa Agosti 1914, na Dar es Salaam ikapigwa mizinga ya manowari ya Kiingereza siku chache baadaye, yaligeuka kuwa ushahidi juu yao.

Wamisionari Wazungu walikusanywa na kuzuiliwa, baadhi yao Kiboriani, mlima ulio juu ya Mpwapwa, na baadaye Tabora. Miongoni mwao alikuwamo Spanton, mkuu wa chuo cha Kiungani, ambaye vita vilimkuta upande wa bara, na ambaye mwaka 1917 alitoa kitabu juu ya magereza ya Wadachi. Mashaka yao yalikuwa ya kweli. Lakini Mzungu aliyekamatwa alihesabiwa mateka wa dola nyingine, mwenye serikali ya kumdai na kumlalamikia. Mwalimu wa Kibondei au wa Kigogo hakuwa na dola ya kumdai. Yeye alikuwa raia wa koloni, kwa hiyo akituhumiwa kumpendelea Mwingereza hakuwa mateka, bali mhaini na jasusi, na mkono uliomshika ulikuwa ule ule uliozoea kumrudi mtu mweusi kwa hamsa ishirini za kiboko na kumfunga kwa mnyororo wa shingoni pamoja na wenziwe. Mapadri na waalimu walikamatwa, wakapigwa ili wakiri ujasusi ambao hawakuufanya, wakafanyizwa kazi ngumu, na baadhi yao wakafia kifungoni. Waliosalia Tabora walifunguliwa majeshi ya Wabelgiji ya Jenerali Tombeur yalipouingia mji huo tarehe 19 Septemba 1916.

Hapa sina budi kusema neno moja la uchungu. Malalamiko yalipoanza kuchapishwa Uingereza, jambo lililowaghadhibisha wasomaji wengi lilikuwa kwamba Wazungu walifanyizwa kazi za kitwana mbele ya macho ya Waafrika. Aibu hiyo ya ngozi ilipata wino mwingi kuliko migongo ya waalimu. Askofu Weston, ambaye mwaka 1916 mwenyewe aliwaongoza wapagazi wa Unguja katika vita hivyo, alijaribu kuyasawazisha mambo: mwaka 1918 alimwandikia Jenerali Smuts, aliyekuwa ameyaongoza majeshi ya Waingereza katika vita hivyo, barua ya wazi juu ya mateso ya Waafrika chini ya Wadachi, akitaka koloni lisirudishwe kwao. Maneno hayo yaliwafaa sana watawala wapya. Hayakuwafaa yale ya mwaka 1920, kalamu ile ile ilipowashitaki Waingereza kwa kazi ya shuruti katika Kenya.

Na watawala hao wapya nao hawakukawia kupima imani kwa taifa la mchungaji. Wamisionari wa Kidachi waliondolewa, na hata Bruno Gutmann, aliyeachwa Uchagani kwa muda, alifukuzwa mwaka 1920, asirejee ila mwaka 1925. Tofauti ilikuwa kubwa, kwa maana Waafrika wa Kilutheri hawakutiwa minyororo. Waliachwa tu bila wachungaji, na wazee wao wakaendesha ibada na shule kama walivyoweza. Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939 Wadachi walikamatwa tena, na safari hii mzigo wa sharika zao uliwaangukia Wamarekani wa misheni ya Kilutheri ya Augustana, waliokuwa wakifanya kazi Iramba, kwa jirani zetu wa upande wa machweo ya jua.