Kutoka Dublin hadi Trieste na Paris: Shahada ya Lugha na Riziki ya Mwandishi Ugenini

Katika vyuo vikuu vya Ulaya, lugha za kisasa, yaani zile zinazosemwa na mataifa ya leo kama Kifaransa, Kijerumani na Kiitaliano, zilichelewa kuhesabiwa kuwa taaluma kamili, kwa kuwa heshima ya usomi ilikuwa imefungamana kwa karne nyingi na Kilatini na Kigiriki cha kale. Chuo kikongwe cha Oxford chenyewe kiliidhinisha shahada ya heshima ya lugha hizo mwaka 1903 tu. Hata ilipopata nafasi, shahada hiyo haikuwa na kazi yake maalumu kama ilivyokuwa sheria au udaktari, na aliyehitimu aliweza kuishia kuwa mwalimu, karani au mfasiri. Hata hivyo vyuo viwili vya mji mmoja, Dublin, viliwatoa James Joyce na Samuel Beckett, wahitimu wa lugha za kisasa ambao uandishi wao ulikomaa nje ya Ireland, na historia yao inaonyesha kwamba shahada iliwasaidia kwa njia ya mzunguko: iliwapa vibarua vya lugha, na vibarua hivyo vikawalisha, vikawakutanisha na watu, kisha vikaacha alama katika maandishi yenyewe.

Joyce alihitimu mwaka 1902 katika University College, chuo cha Wakatoliki wa Dublin. Miaka miwili kabla ya hapo, akiwa bado mwanafunzi, alikuwa amechapisha katika jarida la London liitwalo Fortnightly Review makala kuhusu mwandishi wa tamthilia wa Norwei, Henrik Ibsen, na kulipwa gini 12, sawa na pauni 12 na shilingi 12. Naye alijifunza lugha ya Ibsen hata akaweza kumwandikia barua kwa lugha hiyo mwaka 1901. Mwanzo huo mwema haukumletea ajira. Alikwenda Paris kwa nia ya kusomea udaktari, akaiacha nia hiyo, akarudi nyumbani mama yake alipokuwa mahututi, na mnamo Oktoba 1904 akaondoka tena pamoja na Nora Barnacle, safari hii kutafuta kazi ya ualimu.

Kazi hiyo aliipata katika shule za Berlitz, mtandao wa shule za lugha ulioanzishwa Marekani mwaka 1878, ambao mbinu yake ilikuwa kumfundisha mwanafunzi kwa lugha anayojifunza pekee, bila kupitia lugha yake ya kwanza. Kwa sababu hiyo shule hizo zilihitaji wazawa wa kila lugha, na kijana asiye na mtaji wala jina aliweza kuajiriwa katika miji ya mbali. Joyce alianza Pola, ambayo leo ni Pula ya Kroatia, akiwafundisha Kiingereza maofisa wa jeshi la majini la Austria na Hungaria, kisha mwaka 1905 akahamia Trieste, bandari kuu ya dola hiyo, ambako Kiitaliano, Kijerumani na Kislovenia vilisikika katika mji mmoja. Huko alifundisha shuleni na majumbani, akaandika makala za Kiitaliano katika gazeti la Il Piccolo della Sera, na kumpata mwanafunzi mfanyabiashara, Ettore Schmitz, ambaye alikuwa ameacha kuchapisha riwaya baada ya vitabu vyake kupuuzwa. Joyce alimtia moyo, na baadaye akasaidia kulitangaza jina lake la uandishi, Italo Svevo. Mwaka 1912 Joyce alifaulu mtihani wa ualimu huko Padua, Italia, lakini shahada yake ya Dublin haikutambuliwa na serikali ya Italia.

Wakati huohuo mkusanyiko wake wa hadithi, Dubliners, ulikuwa umekwama: mchapishaji wa London aliukubali mwaka 1906 kisha akasita, na mwaka 1912 nakala zilizokwisha pigwa chapa Dublin ziliharibiwa kwa hofu ya mashtaka, hata kitabu kikatoka mwaka 1914, miaka 12 baada ya mwandishi kuhitimu. Ufadhili wa Harriet Shaw Weaver ndio uliomwondoa polepole katika utegemezi wa masomo ya nyumbani, na riwaya yake Ulysses ilichapishwa Paris mwaka 1922 na Sylvia Beach, Mmarekani mwenye duka la vitabu.

Beckett, aliyehitimu Trinity College mwaka 1927 katika Kifaransa na Kiitaliano, aliipitia njia rasmi zaidi, ile ya ulekta. Lekta ni mzawa wa lugha fulani anayealikwa na chuo cha kigeni kuifundisha kwa muda. Ndiyo nafasi ambayo Mtoro bin Mwinyi Bakari aliishika mjini Berlin kuanzia mwaka 1900 akifundisha Kiswahili. Trinity ilikuwa na utaratibu wa kubadilishana malekta na École normale supérieure ya Paris, na Beckett alikaa huko kuanzia 1928 hadi 1930. Mtangulizi wake katika nafasi hiyo, Thomas MacGreevy, ndiye aliyemtambulisha kwa Joyce, na mwaka 1929 likatoka chapisho la kwanza la Beckett, insha kuhusu kazi ambayo Joyce alikuwa akiiandika. Alfred Péron, Mfaransa aliyewahi kuwa lekta Trinity, alishirikiana naye kuifasiri sehemu ya kazi hiyo kwa Kifaransa. Hivyo utaratibu uliowekwa kwa ajili ya kufundisha sarufi na matamshi ukazaa mtandao wa waandishi.

Beckett aliporejea Trinity kama mhadhiri hakudumu, akajiuzulu mapema mwaka 1932. Ireland ilikuwa imepitisha sheria ya kudhibiti machapisho mwaka 1929, na hadithi zake za mwaka 1934 zilipigwa marufuku huko. Alihamia Paris mwaka 1937, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia, akiishi kwa pato dogo la urithi na kwa kazi za tafsiri, zikiwemo za UNESCO, aligeukia kuandika kwa Kifaransa. Riwaya ya Molloy ilitoka mwaka 1951, tamthilia ya En attendant Godot ikaigizwa Januari 1953, naye akazifasiri nyingi za kazi zake kwa Kiingereza, hata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1969 ikamkuta na fasihi katika lugha mbili.

Historia hii haitoi kanuni ya mafanikio, kwani bila mfadhili wa mmoja na urithi wa mwingine huenda mishahara ya ualimu isingetosha. Inachothibitisha ni kwamba miaka ambayo jamaa na wachapishaji wangeiita ya kutangatanga ilikuwa sehemu ya kazi yenyewe: Joyce aliiandika Dublin akiwa katikati ya wanafunzi wa lugha nyingine, na Beckett aliipata sauti yake katika lugha aliyoisomea darasani.