Sanamu ya Althea Gibson (1927–2003)

Litazame bega kwanza. Mchongaji Eric Goulder aliunda sanamu hii kwa vipande vitano vya jiwe la graniti, akaliacha bega la Althea likichomoza, maana waliomfuata wamesimama juu yake. Ilizinduliwa tarehe 26 Agosti 2019.

Althea alizaliwa South Carolina kwa wakulima wa pamba, akakulia Harlem, humu humu New York. Alianza tenisi na kibao cha mbao, akicheza katikati ya mtaa uliofungwa magari yasipite.

Wakati huo weusi walikuwa na mashindano yao pembeni. Mwaka 1950 Althea akawa mweusi wa kwanza kucheza mashindano ya taifa ya Marekani, pale Forest Hills. Alimbana Louise Brough, bingwa wa Wimbledon, mpaka radi na mvua zikasimamisha mchezo. Kesho yake akashindwa, kwa taabu. Mwaka 1957 alikabidhiwa taji la Wimbledon na Malkia Elizabeth II, na 1958 akalitetea.

Fedha je? Hakuna. Wachezaji wa ridhaa kama yeye hawakulipwa. Bingwa wa dunia akaishia kucheza tenisi ya kuchangamsha watazamaji kabla ya mechi za kikapu za Harlem Globetrotters, kisha akajaribu gofu. Uzeeni, alipokwama kabisa, Angela Buxton, aliyewahi kucheza naye wawili wawili, ndiye aliyemchangishia.

Uwanja mkubwa ulio jirani na sanamu hii una jina la Arthur Ashe, mweusi aliyeshinda mashindano ya Marekani mwaka 1968, miaka 11 baada ya Althea kuyashinda.